Kuisoma Sahani ya Bluu: Jinsi ya Kutambua Michoro ya Kichina kwenye Vyombo vya Zamani

Sahani ya bluu na nyeupe yenye nyumba ya paa lililojipinda, daraja dogo na ndege wawili angani yaweza kuwa haijawahi kufika Uchina hata siku moja. Nyingi za namna hiyo zilitengenezwa Uingereza, nyingine Uholanzi, Ujerumani na Japani, na mafundi wa Ulaya waliochonga picha zake waliijua Uchina kwa kutazama vyombo vya Kichina tu. Kwa hiyo mtu wa Moshi anayefungua kabati la vyombo vya wageni kwa bibi yake kule Kibosho, au anayepekua vyombo vya mitumba mjini, akaona pagoda na kusema papo hapo "hii ya Mchina", amefanya haraka. Picha ndiyo ya kutazamwa kwanza, lakini haitoshi kusema chombo kimetoka wapi. Baada ya picha tazama namna ilivyowekwa, kisha udongo wenyewe, kisha mgongo. Ukifuata mpangilio huo utaweza kusema mengi ya kweli bila kuwa mtaalamu.

Vilipandaje mlimani

Pwani, bluu na nyeupe ya Kichina ni jambo la karne nyingi. Makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa kwenye chokaa, na nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo vya thamani. Katika karne ya 19 kauri ya Uchina ikapata mshindani: vyombo vya udongo mweupe vilivyochapwa viwandani Ulaya, vikiwamo vya mji wa Maastricht, Uholanzi, ambavyo vipande vyake hufukuliwa na wanaakiolojia Zanzibar.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipanda hadi kwa Mangi, mtawala wa Wachaga, huyu na yule kutafuta pembe za ndovu, lakini mpagazi alibeba nguo, shanga na waya, vitu visivyovunjika njiani. Sahani za mezani zilikuja hasa na watu waliokuja kukaa: wamisionari Wakatoliki walioanza Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig walioanza Machame mwaka 1893, walowezi wa Kijerumani na Kigiriki wa mashamba ya kahawa, kisha Waingereza waliouteka mji wa Moshi mwaka 1916. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kuanzia hapo kreti la vyombo halikuhitaji tena kichwa cha mtu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mali za Wajerumani ziliuzwa na serikali. Mwaka 1973 mashamba ya kahawa ya walowezi yakataifishwa. Kila nyumba inapobadilisha mwenyewe, vyombo huhamia mikono mingine, na ndiyo maana sahani ya Kizungu inaweza kukutwa leo katika nyumba ya mwalimu mstaafu wa Mwika au ya fundi seremala wa Kilema.

Kisha likaja wimbi la mwisho. Reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kuanzia 1970 hadi 1975, sehemu ya gharama zake za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani Tanzania. Chupa za chai, mabakuli na sahani kutoka Uchina viliingia majumbani kwa wingi. Kwa hiyo kabati moja la Marangu laweza kuwa na sahani tatu za bluu zinazofanana kwa mbali, moja ya Kijerumani, moja ya Kiingereza na moja ya Kichina ya wakati wa Mwalimu Nyerere. Kazi yako ni kuzitenganisha.

Hesabu vitu vilivyochorwa

Ipeleke sahani mlangoni penye mwanga wa mchana. Ifute vumbi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, uiweke juu ya taulo, halafu hesabu vilivyomo kwenye picha. Uzuri hautakusaidia hapa. Idadi ndiyo itakayokusaidia.

Mtindo unaokutwa kuliko yote unaitwa Willow. Ulianza kuchapwa Uingereza mnamo mwaka 1790, na kiwanda cha Josiah Spode mjini Stoke ndicho kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kuutoa katika umbo tunalolijua. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza ilipunguza sana ushuru wa chai, watu wakanywa zaidi na kutaka vikombe na sahani. Mwaka 1791 Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ikaacha kuagiza kauri ya Kichina kwa shehena kubwa. Wafinyanzi wa Staffordshire wakaliziba pengo lile kwa picha ambazo wateja walikwisha kuzizoea.

Ili kuitambua Willow kamili, anza upande wa kulia: kuna nyumba kubwa yenye paa la Kichina, na nyuma yake mti uliojaa matunda ya mviringo. Mbele ya picha, chini, unapita uzio unaokwenda zigizaga. Katikati umesimama mti wenye matawi yanayoning'inia, ambao ndio ulioipa picha jina, na kando yake daraja lenye watu watatu wanaotembea kwa mstari kuelekea kushoto. Juu ya daraja, majini, kuna mashua. Juu zaidi upande wa kushoto kuna kisiwa chenye nyumba ndogo. Na juu kabisa ndege wawili wanaelekeana. Vyote vikiwepo, umeipata. Mti wa matunda usikusumbue kwa idadi yake, kwa sababu kila kiwanda kilichonga bamba lake na hesabu ya matunda hutofautiana. Wakusanyaji huitumia kutenganisha kiwanda na kiwanda, nawe unaweza kuiandika daftarini kwa kulinganisha baadaye.

Huenda ukasimuliwa kisa cha Willow: binti wa mkubwa mmoja, Koong-se, anampenda karani wa baba yake, Chang, wanatoroka kupitia daraja huku baba akiwafuata nyuma, wanauawa, wanageuka kuwa ndege. Kisa hicho kilitungwa Uingereza. Kilichapishwa kwenye gazeti la familia mwaka 1849, zaidi ya nusu karne baada ya picha yenyewe kuanza kuuzwa. Muuzaji akikwambia kwamba sahani yake ni ya Kichina kwa sababu inasimulia hadithi ya kale ya Wachina, hicho si kithibitisho cha chochote. Na sokoni kisa hiki hakichoki kusimuliwa.

Hesabu isipotimia, una ndugu yake Willow, na hapa ndipo kazi inaponoga. Watu darajani wakiwa wawili au mmoja badala ya watatu, tazama majengo: kama nyumba mbili zimebanana, moja mbele ya nyingine kiasi kwamba kwa mbali zinaonekana jengo moja, huo ni mtindo wa Two Temples. Picha hiyohiyo ikigeuzwa upande, ikachapwa kwa bluu nyepesi zaidi, mara nyingi juu ya kauri ya vikombe vya chai, huitwa Broseley. Ukiona mtoto amepanda mgongo wa nyati wa majini, hiyo ni Buffalo, mojawapo ya michoro ya mwanzo kabisa ya kuchapwa, iliyonakiliwa karibu moja kwa moja kutoka kauri ya Kichina. Ukiona hakuna mandhari yoyote, bali mafungu manne ya maua na vitu yamepangwa kuzunguka duara la katikati, mtindo huo wakusanyaji huuita Fitzhugh. Asili yake ni kauri iliyochorwa Uchina kwa ajili ya wateja wa Ulaya, na viwanda vya Uingereza viliuchapa baadaye.

Kuna pia bluu inayoonekana kuvuja, mistari imetanda kama wino kwenye karatasi mbichi. Usiirudishe ukidhani ni kazi mbovu. Kuanzia miaka ya 1830 na 1840 mafundi walitia kemikali tanurini makusudi ili bluu itiririke, na wateja waliipenda hasa Marekani. Michoro yake mingi ina majina ya bandari na miji ya Asia, kama Amoy ya kiwanda cha Davenport, na majina hayo mara nyingi yameandikwa mgongoni.

Ukingo na katikati visomwe mbalimbali

Wengi hutazama picha ya katikati na kuusahau ukingo. Mchongaji wa Ulaya aliweza kuchukua katikati kutoka kitabu kimoja na ukingo kutoka sahani nyingine kabisa. Mfano mzuri ni Italian ya Spode, iliyoanza 1816 na ambayo imeendelea kutengenezwa hadi nyakati zetu: katikati kuna magofu ya Kirumi, mto na wachungaji, lakini ukingo umejaa maua ya mtindo wa kauri za Imari za Japani. Mtu akiutazama ukingo peke yake ataapa ni ya Mashariki ya Mbali. Akitazama katikati peke yake atasema Ulaya tupu.

Kwenye ukingo wa Kichina au ulioigwa kutoka Uchina tafuta vipepeo waliochorwa kwa mapambo mengi, vizuizi vya miraba midogo inayojirudia, na msururu wa mistari inayokunjana kwa pembe za mraba. Maua makubwa ya Kiingereza, waridi na majani ya mizabibu yakizunguka ukingo, basi hata kama katikati kuna pagoda, unashika kazi ya mchongaji wa Ulaya aliyechanganya alivyopenda.

Jihadhari pia na majina. Sahani yenye bluu hafifu sana, ndege wa mkia mrefu na maua makubwa, mgongoni imeandikwa Asiatic Pheasants. Ilikuwa miongoni mwa michoro iliyouzwa sana Uingereza wakati wa Malkia Victoria, na licha ya jina lake haina mandhari ya Kichina hata kidogo. Vivyo hivyo ukiona tembo, simbamarara na wawindaji wenye vilemba, unashika India kama Waingereza walivyoichora. Mfululizo wa Spode wa uwindaji wa India ulitokana na michoro ya kitabu cha Kapteni Thomas Williamson cha mwaka 1807.

Sahani ya Wajerumani

Kwa Kilimanjaro ningependa msomaji auzingatie sana mtindo mmoja ambao vitabu vya Kiingereza huupitia haraka. Wajerumani wanauita Zwiebelmuster, yaani mchoro wa vitunguu, na ulianzia kiwanda cha Meissen karibu mwaka 1740. Meissen ndicho kiwanda cha kwanza cha Ulaya kutengeneza kauri halisi, kuanzia 1710, na wachoraji wake walikuwa wakiiga bluu na nyeupe ya Kichina. Kwenye ukingo waliweka matunda waliyoyaona kwenye vyombo vya Kichina, makomamanga na mapichi. Wateja wakayaona vitunguu, na jina likabaki.

Namna ya kuutambua: katikati kuna shina la mwanzi, na tawi la ua limejizungusha kwenye shina hilo, ua kubwa lenye petali nyingi limekaa upande mmoja. Hakuna nyumba, watu wala daraja. Ukingoni matunda makubwa yamepangwa kwa zamu, baadhi shina likielekea nje, baadhi likielekea ndani. Meissen wenyewe walichora kwa mkono. Lakini viwanda vingi vya Ujerumani na Bohemia viliuiga mtindo huu, na vingi kati yao viliuchapa, kwa hiyo ukawa chombo cha nyumba ya kawaida ya Kijerumani, pamoja na mikebe ya unga na chumvi ya jikoni. Mwishoni mwa karne ya 19 Meissen walianza kuweka alama yao ya panga mbili zilizopishana chini ya shina la mwanzi, ndani ya picha yenyewe, ili kujitenganisha na waigaji. Ukikuta mchoro wa vitunguu huku mlimani, kwanza tazama pale chini ya mwanzi, kisha ugeuze mgongo.

Nauhesabu mtindo huu kuwa wa kutafutwa zaidi hapa kuliko Willow, kwa sababu ya historia ya eneo letu. Willow iko kila mahali Waingereza walipofika. Mchoro wa vitunguu ukiwa na maelezo ya kuaminika kwamba ulitoka nyumba ya misheni au shamba la kahawa la kabla ya 1916 ni kipande cha historia ya Kilimanjaro.

Imechapwa au imechorwa?

Sasa achana na picha yenyewe, tazama namna ilivyowekwa. Kuelewa hatua hii unahitaji kujua kazi ilivyofanyika. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, mistari na vitone. Bamba likapakwa wino mzito wa mafuta wenye kobalti, likagandamizwa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ikakatwa vipande, ikabandikwa kwenye chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa kwa brashi ngumu, kisha ikaoshwa. Wino ulibaki. Halafu chombo kikachovywa kwenye maji ya kioo na kuchomwa tena, hivyo picha ikawa chini ya kioo. Kubandika karatasi kulikuwa kazi ya wanawake na wasichana viwandani, na mikono yao bado inaonekana kwenye sahani ukijua pa kutazama.

Pa kutazama ni ukingoni. Mchoro wa ukingo ulibandikwa kwa utepe, na mwanzo wa utepe ulilazimika kukutana na mwisho wake. Zungusha sahani polepole. Mahali fulani kipepeo atakatwa nusu, au miraba itapishana, au pengo jeupe litabaki. Kiungo hicho ni ushahidi thabiti wa kuchapwa. Mchoraji wa brashi hana kiungo. Huyo, akiona nafasi inakwisha, hubana maua yake ya mwisho au huyapanua.

Kisha tumia kamera ya simu. Ikuze picha hadi uone mstari mmoja mmoja. Uchapaji wa zamani unaonyesha mistari myembamba iliyochongwa, imepangwa sambamba ili kutengeneza kivuli, na kwenye kazi za karne ya 19 vitone vingi vidogo juu ya mistari hiyo. Kazi za mwanzo, kabla ya 1800, ni mistari tu na bluu yake huwa nzito. Brashi inafanya tofauti: mstari unaanza mnene na kuishia mwembamba, na rangi ya kujazia ina maeneo mazito na mepesi pale brashi ilipotua na kuinuka. Ukiona vitone vya kisasa vilivyopangwa kwa mraba sawasawa, vya duara kamili, kama vya picha ya gazeti, una stika ya kiwandani ya nusu ya pili ya karne ya 20 au baadaye. Pitisha kidole: stika nyingi za namna hiyo zimewekwa juu ya kioo na utahisi kingo zake.

Hapa kuna mtego. Wachina wenyewe walipoona Willow inapendwa, nao walichora vyombo vya Willow kwa brashi kwa ajili ya wateja wa nje. Kwa hiyo sahani ya Willow iliyochorwa kwa mkono kwenye kauri ngumu inaweza kweli kuwa ya Kichina, ikimwiga Mwingereza aliyemwiga Mchina.

Udongo na mgongo

Kauri halisi hupitisha mwanga. Ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu nyuma ya sahani na kidole chako katikati; kivuli cha kidole kikionekana, ni kauri. Vyombo vya Staffordshire vya kuchapwa vingi ni udongo mweupe, na mwanga haupiti kabisa. Gonga taratibu kwa ukucha: kauri isiyo na ufa hulia kwa mlio mrefu, udongo hutoa mlio mfupi mzito. Palipobanduka, kauri huonyesha ndani peupe panapong'aa kama jiwe lililovunjwa. Udongo huonyesha unga mkavu, na mara nyingi maji ya chai yamepenya na kuacha kahawia.

Geuza. Kwenye vyombo vya Kichina vya karne ya 18 na 19, pete ya kitako haina kioo, na pale kioo kinapoishia mara nyingi kuna mstari wa rangi ya kutu. Kwenye vyombo vya Kiingereza vya zamani utaona vidonda vidogo vitatu au vikundi vya vitatu, alama za vitegemeo vilivyozuia sahani isigandame tanurini. Kioo kikiwa kimejikusanya kwa rangi ya samawati kwenye kona ya kitako, na chombo ni cha udongo, huenda una kitu cha mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19. Vingi vya wakati huo havina alama ya kiwanda, kwa hiyo mgongo mtupu usikukatishe tamaa.

Penye alama, maneno yanasema umri kwa usahihi wa kushangaza. Umbo la almasi lenye herufi na namba lilitumika Uingereza kuandikisha michoro kati ya 1842 na 1883. Herufi Rd No zikifuatiwa na namba ni za kuanzia 1884, na namba iliyo chini ya 350,000 ni ya kabla ya 1900. Neno England peke yake kwa kawaida ni la kuanzia 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20. Nippon ni Japani ya kati ya 1891 na 1921. Baada ya hapo utakuta Japan au Made in Japan, na Made in Occupied Japan ni ya miaka michache tu hadi 1952. Japani ilitengeneza Willow nyingi sana kati ya vita viwili, kwa hiyo usishangae. Petrus Regout na Societe Ceramique, pamoja na neno Maastricht, ni Uholanzi. Maneno yanayotaja mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu hayahitaji maelezo.

Herufi za Kichina zenye jina la mfalme ndizo zinazodanganya kuliko zote. Alama za enzi ya Kangxi, kwa mfano, ziliandikwa kwenye vyombo kwa karne mbili baada yake kwa heshima tu, na leo ziko kwenye vyombo vipya madukani. Amini udongo, brashi na kitako kabla ya kuamini herufi hizo.

Muulize mwenye nyumba

Baada ya yote hayo, kaa na mwenye sahani. "Shikamoo bibi. Hii sahani ilianza kukaa humu lini? Ilitoka kwa nani?" Andika jibu lake lote, hata lile linaloonekana halihusiani: mjomba aliyepika kwa wazungu, harusi ya mwaka fulani, padri aliyehama. Piga picha ya mbele, ya mgongo na ya alama, uandike jina la kijiji. Sahani ya Willow ya karne ya 20 haina bei kubwa popote duniani, ziko nyingi mno; lakini ileile ikiwa na habari zake za Kidia au Mamba inakuwa kitu ambacho hakuna kingine mfano wake. Ukinunua kwa bibi, mlipe haki yake na umwambie ulichokijua kabla hajapokea fedha.

Sahani hizi za zamani usizitumie kwa chakula chenye ndimu, ukwaju au siki. Vyombo vya udongo vya zamani mara nyingi vilifunikwa kwa kioo chenye madini ya risasi, na chombo chenye nyufa ndogondogo kinaweza kuyatoa. Usizichemshe, wala usizitie kwenye dawa ya klorini ya kuondoa madoa, kwa sababu hupenya chini ya kioo na baadaye hukibandua. Zilizovunjika zifunge kwenye kitambaa na vipande vyake vyote. Gundi ya haraka huharibu kazi ya mtu atakayezirekebisha vizuri. Ukikuta sahani iliyoshonwa kwa vikuku vya chuma mgongoni, viache. Mtu aliithamini kiasi cha kulipa fundi.

Vipande vilivyomo ardhini au kwenye magofu na makaburi ya pwani ni suala jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sahani nyingi za makaburi ya Kunduchi zimekwisha kung'olewa na hazitarudi. Usiokote, usinunue kutoka kwa anayeokota. Ukitaka kuona kauri halisi ya Kichina ili macho yako yapate kipimo, nenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, penye vitu vya Kilwa, au pitia Taveta na Voi hadi Fort Jesus, Mombasa, na ubebe kwenye simu picha za mgongo wa sahani yako.